Omari wa Chicago na watoro wa Sabaki

Duka langu hapa Malindi ni dogo kiasi kwamba wateja watatu wakiingia, wa nne hungoja barazani. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kujaza nyimbo: mwendesha bodaboda huleta memori kadi ya simu yake, mvuvi huleta flashi ya kuchomeka kwenye redio, mama mwenye shughuli ya harusi huleta orodha aliyoandikiwa na binti yake, nami huwajazia bango, chakacha, taarabu, bongo fleva au kaswida, kila mtu na apendacho. Katika kompyuta ya dukani nyimbo zote nimezipanga kwa majina ya wasanii, isipokuwa za mmoja tu. Folda yake niliiandika "Omari", kwa kuwa ndivyo tulivyomwita sisi vijana wa mtaani kwetu tangu siku tuliyogundua kwamba Kanye West alipewa na wazazi wake jina la Kanye Omari.

Si rahisi kumweleza mtu asiye wa pwani jinsi jina hilo lilivyomleta karibu nasi. Ukisimama sokoni Malindi ukaita Omari, wanaume kadhaa watageuka kwa pamoja. Tulijua kwamba yeye si Mwislamu, kwamba alizaliwa Atlanta mwaka 1977 na kulelewa Chicago na mama yake, Donda West, aliyekuwa profesa wa Kiingereza. Lakini tulikuwa vijana tuliomaliza shule bila kazi, na tulitaka mmoja kati ya wakubwa wa dunia awe wetu.

Albamu yake ya kwanza ilinifikia mwishoni mwa mwaka 2004, ikiwa sidii ya kunakiliwa iliyokuja na basi kutoka Mombasa, jalada lake limetolewa fotokopi mpaka yule dubu aliyeketi kwenye viti vya uwanja akabaki doa jeusi lenye masikio. Nilikuwa na umri wa miaka 19. Nilikuwa nimezoea rapu ya bunduki na magari, na huyu akanijia akifoka juu ya vyeti visivyoleta ajira, juu ya kazi ya kukunja nguo dukani, juu ya sala, juu ya aibu ya kutaka vitu vya fahari ilhali mfuko ni mtupu. Wimbo uliomtambulisha aliurekodi taya lake likiwa limefungwa kwa waya baada ya ajali ya gari ya Oktoba 2002, na ukiusikiliza kwa makini utasikia maneno yakipenya kwa shida katikati ya meno yasiyofunguka. Nilipoelezwa sababu ya sauti ile nilirudi nikausikiliza tena na tena, nikajiambia kwamba mtu anayeweza kufanya kazi katika hali hiyo hana cha kuficha.

Bibi yangu, mama yake mama, aliishi nasi. Hakujua Kiingereza, na muziki wa aina hii aliuita kelele, lakini kulikuwa na wimbo mmoja katika albamu ya pili, ule aliomtungia mama yake, ambao ulimfanya aniulize: "Huyu anasema nini?" Nilimjibu kwamba anamshukuru mama yake kwa kumlea peke yake na anatamani kumpumzisha. Bibi akasema Mungu ampe umri mama huyo, na tangu siku hiyo akawa anamwita "yule kijana wa mama". Donda West alipofariki Novemba 2007, nilimwambia Bibi kama mtu anayeleta habari ya msiba wa jirani, naye akaipokea hivyo hivyo, akaweka chini ukili wa mkeka aliokuwa akisuka na kumwombea yule kijana subira.

Hata hivyo, jambo lililonifunga kwa msanii huyu kwa miaka mingi lilitokea kabla ya hapo, mwaka 2005. Kimbunga Katrina kilikuwa kimeipiga New Orleans, kingo za kuzuia maji zimebomoka na sehemu kubwa ya mji imezama, na maelfu ya watu, wengi wao weusi na maskini, wamekaa siku nyingi bila maji wala chakula wakingoja serikali yao. Tarehe 2 Septemba kulikuwa na matangazo ya moja kwa moja ya kuwachangia waathiriwa, na Kanye West aliyekuwa amepewa maandishi ya kusoma aliyaacha, sauti ikimtetemeka, akasema kwamba Rais George Bush hawajali watu weusi. Niliitazama kanda hiyo katika saiba moja ya hapa mjini, kwa shilingi moja kila dakika, nikairudia mpaka pesa zikaniishia. Sikuwahi kumwona mtu mwenye mali na jina kubwa akikubali kupoteza vyote viwili kwa ajili ya watu wasiomjua.

Usiku ule nilimuuliza Bibi swali ambalo kwetu halikuwa likiulizwa. Wenyeji wa mwambao huu wataelewa. Kumwuliza mtu wa Malindi babu zake walitoka wapi kunaweza kuwa mazungumzo, na kunaweza kuwa tusi, kulingana na anayeuliza na anayeulizwa, kwa sababu katika miaka ya 1860 mji huu ulifufuliwa chini ya mamlaka ya Sultani wa Zanzibar kwa mashamba ya mtama na ufuta, na mashamba hayo hayakulimwa na wenye kuyamiliki. Yalilimwa na watu walioletwa kwa majahazi, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa, na vitukuu vya watu hao ndio sisi tunaonyamaza harusini ukoo ukianza kutajwa. Mama yangu hakuwahi kunieleza lolote. Nadhani na yeye hakuelezwa.

Bibi hakukasirika. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, ncha ya ukili ameibana kwa kidole gumba cha mguu, anasuka milala iliyotiwa rangi ya zambarau, na aliendelea kusuka kwa muda kabla ya kusema. Babu yake aliletwa mtoto, hajui hata jina la mto wa kwao. Alikua akilima ngwe, yaani kipande cha shamba kilichopimwa kwa kamba ambacho kila mmoja alitakiwa akimalize kwa siku, na nokoa, yaani msimamizi wa shamba, alipita jioni kukikagua. Alipokuwa kijana alikimbia na wenzake wawili usiku, wakavuka mto Sabaki wakati maji yamepungua, wakijua kwamba mna mamba, wakaingia bara. Dada yake alikuwa katika shamba lile lile. Yeye hakukimbia, kwa kuwa alikuwa na mtoto mchanga, na mtoto mchanga angelia njiani. Hawakuonana tena. Hayo ndiyo aliyonieleza Bibi, kwa maneno machache kuliko haya niliyoyatumia mimi, kisha akaniagiza nifunge mlango wa uani.

Tangu hapo nilisoma kila nilichokipata kuhusu watoro. Nilijifunza kwamba hawakuwa watu wawili watatu waliopotelea porini, bali walijenga vijiji vyao bara ya mwambao huu, Makongeni na Fuladoyo vikiwa miongoni mwao, wakalima, wakaoa, wakapigana na waliowafuata kuwarudisha. Upande wa Lamu wengi walikimbilia Witu, ambako Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, aliwapokea. Wengine walijificha katika vituo vya wamisionari karibu na Mombasa, na tarehe 1 Januari 1889 kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiutawala mwambao ililazimika kuwalipa mabwana wao fidia ili watoro zaidi ya 1,400 wapewe karatasi za uhuru. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani hii mpaka mwaka 1907, na hapo pia walioandikiwa fidia walikuwa wenye watumwa. Nimeyataja haya kwa urefu kwa sababu bila ya hayo hakuna atakayeelewa kwa nini maneno machache yaliyosemwa Los Angeles yalinitoa machozi Malindi.

Tarehe 1 Mei 2018, akiwa katika ofisi za TMZ, chombo cha habari za watu maarufu, Kanye West alisema kwamba akisikia utumwa ulidumu miaka 400, kwake hilo linasikika kama jambo la hiari. Mfanyakazi mmoja wa pale, Van Lathan, alisimama akamjibu papo hapo mbele ya wote, na ninamheshimu mpaka leo kwa hilo. Mimi nilikuwa dukani. Mteja alinionyesha kanda ile kwenye simu yake huku akicheka, akidhani nitaifurahia kwa vile ananijua mimi ni shabiki wa Omari. Nilimrudishia simu yake, nikafunga duka kabla ya adhuhuri.

Watu wengi walisema kwamba alikosea historia. Hakukosea historia tu. Alikuwa na hakika kwamba angekuwa yeye, asingekubali. Na kila anayesema hivyo anajihesabu miongoni mwa waliovuka mto, hakuna anayejihesabu kuwa ni dada aliyebaki na mtoto mchanga kifuani. Hiari aliyoizungumza ilikuwepo kweli, na sura yake ilikuwa ndiyo ile: ukimbie umwache dada yako, au ubaki naye. Babu wa Bibi alichagua, na kwa maneno ya Bibi mwenyewe, mpaka anakufa hakuweza kuvumilia kusikia mtoto mdogo akilia usiku. Ningependa msanii wangu aketi na mzee kama huyo kwa saa moja kabla ya kutamka neno hilo. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi nisingemjua babu huyo kamwe kama si yeye Kanye West. Ni sauti yake iliyotetemeka mwaka 2005 iliyonitia nguvu ya kuuliza. Alinifungulia mlango, kisha akaja kuwatukana walio ndani.

Nilisitasita kumwambia Bibi. Alikuwa amezeeka sana, macho yamefifia, lakini vidole bado vilisuka. Jioni nilimwambia. Aliniuliza kama nimesikia sawasawa, nikamwambia ndiyo. Akauliza: "Mama yake si alishakufa?" Nikamwambia ndiyo, miaka zaidi ya kumi iliyopita.

"Basi hana tena wa kumkalisha kitako," akasema. Aliendelea kusuka, na baada ya kitambo nikaona ameruka mlala mmoja, ukili umekwenda upande, ikabidi afumue kipande kizima.

Agosti mwaka ule ule aliomba radhi kwenye redio ya Chicago, akilia, na mimi nilimwamini. Oktoba alitua Uganda, akampelekea Rais Museveni jozi ya viatu vyake, akasema maneno mengi kuhusu Afrika ambayo hayakuwa na kichwa wala miguu. Niliyapuuza. Shabiki hujifunza kupuuza mapema kuliko anavyojifunza kukasirika, na mimi nilikuwa na miaka 14 ya mazoezi.

Bibi alifariki mwaka 2020. Ninamshukuru Mungu kwamba yaliyofuata hakuyasikia. Oktoba 2022 msanii wangu alianza kuwaandama Wayahudi kwa maneno ya chuki, mpaka kampuni ya Adidas ikavunja mkataba wake tarehe 25 ya mwezi huo. Desemba akamsifu Hitler hadharani. Mwisho wa 2023 aliandika radhi kwa Kiebrania. Februari 2025 akaifuta radhi hiyo, akajiita Nazi, yaani mfuasi wa Hitler, na duka lake la mtandaoni likawa linauza fulana yenye alama ya Wanazi.

Hapa sina budi kusema jambo litakalowaudhi baadhi ya rafiki zangu. Mwaka 2018 aliposema la utumwa, vijana wa barazani kwangu walimlaani. Mwaka 2022 baadhi yao hao hao walimshangilia. Walisema amepata ujasiri wa kuwasema wasiosemwa, na wakalitaja suala la Palestina, ambalo mimi pia linaniuma, na ambalo tunaliombea dua kila Ijumaa. Niliwaambia kwamba kulaani yanayofanywa na serikali ni jambo moja, na kumchukia mtu kwa damu aliyozaliwa nayo ni jambo jingine, na kwamba sisi wa mwambao huu, ambao mpaka leo hatuwezi kutaja asili zetu bila ya kuangalia nani yupo karibu, ndio tuliopaswa kuwa wa kwanza kuiona tofauti hiyo.

Niliwasimulia habari za Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari wa Wajerumani angali mtoto wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1929 akaenda Berlin, akaishi huko akifundisha Kiswahili katika chuo kikuu na kuigiza katika filamu. Mwaka 1941 utawala wa Hitler ulimkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, ukamtia katika kambi ya Sachsenhausen, na huko alikufa mwezi Novemba 1944. Mwalimu wa lugha hii ninayoandika. Niliwaeleza pia kuhusu wale watoto wa Rhineland, waliozaliwa na mama wa Kijerumani na askari Waafrika wa jeshi la Ufaransa, ambao mwaka 1937 walifungwa uzazi kwa siri na utawala huo huo. Kijana mmoja aliniuliza kama Omari anayajua hayo. Nilimwambia kwamba ana pesa za kutosha kununua kila kitabu kilichoandikwa juu ya mambo hayo.

Jibu hilo lilikuwa la hasira, na sikumtendea haki. Kanye West mwenyewe amesema waziwazi kwamba anaugua maradhi ya akili yanayompandisha na kumshusha, na mimi si mtu wa kuyachezea maradhi hayo, kwa kuwa tunaye nyumbani. Binamu yangu anayo tangu ujana. Yakimpanda hana haja ya kulala, huongea usiku kucha, huwagawia watu vitu vya mkewe, na mara moja alitembea kwa miguu mpaka Mambrui akisema anakwenda kusimamia mechi. Tumemtafuta, tumemrudisha, tumempa dawa, tumemfichia simu. Kwa hiyo naelewa kwamba ulimi wa mgonjwa unaweza kumtangulia. Lakini pia nimeishi na binamu huyo miaka zaidi ya ishirini na sijamsikia akitamani watu wauawe. Maradhi yanaeleza kasi ya maneno na wingi wake. Hayanielezi ni nani aliyeyapanda maneno hayo kichwani, wala kwa nini wale walioizunguka familia yake na biashara yake waliendelea kumpa kipaza sauti badala ya kumfichia simu.

Wapo wanaoniambia nitenganishe kazi na mtu. Nimejaribu. Ningeweza kufanya hivyo kwa mpiga kinanda asiyesema neno, lakini huyu alinivuta kwa maneno, na katika kila wimbo alisema "mimi". Alinipa utoto wake, ajali yake, mama yake. Siwezi kuchukua hayo yote miaka ishirini kisha nidai kwamba simjui anayezungumza. Wapo pia wanaoniambia nifute kila kitu. Hao hawajui kwamba nikifuta wimbo ule wa mama, nimefuta na sauti ya Bibi akiuliza "Huyu anasema nini?", kwa sababu hakuna mahali pengine ilipohifadhiwa.

Mwezi uliopita alikuja kijana wa kidato cha tatu na kadi mpya ya simu. "Ami, una za Kanye?" Nilimwambia ninazo. Akataka zote. Nilimjazia albamu tatu za mwanzo, ya mwaka 2004, ya 2005 na ya 2007, nikamwambia kwamba nyingine siuzi. Aliniuliza sababu, nami nikaanza kumweleza, nikafika kwenye ngwe na nokoa na mto, naye akasikiliza kwa adabu huku akiangalia saa ya simu yake, maana alikuwa na gari la kuwahi. Sikumlaumu. Nyingine atazipata mwenyewe kwenye intaneti kabla hajafika kwao.

Kadi yoyote nikishaijaza, huijaribu mbele ya mteja. Niliichomeka kwenye spika, ukaanza ule wimbo wa taya lililofungwa, na kwa desturi huwa nazima baada ya sekunde kumi. Siku hiyo niliuacha ukaendelea, na yule kijana, pamoja na haraka yake, alisimama akausikiliza mpaka mwisho. Alilipa shilingi 50 akaondoka. Jina la folda bado sijalibadilisha.